Jedwali la umeme linalowadanganya watoto wetu

Fungua daftari la sayansi la mtoto wa shule ya msingi, utalikuta jedwali lile lile. Upande mmoja vitu vinavyopitisha umeme: shaba, chuma, alumini, msumari. Upande wa pili visivyopitisha: mti, mpira, plastiki, kioo, nguo. Mtoto analikariri, anapata vema zake, na anakua akiamini kwamba mti haupitishi umeme. Kwa maoni yangu jedwali hilo, kwa namna linavyofundishwa, ni la hatari.

Hata historia yake inalipinga. Mwaka 1729 Mwingereza Stephen Gray, mtu aliyeishi kwa kazi ya kutia nguo rangi, alikuwa akisugua bomba la kioo ili lipate chaji, yaani umeme unaokaa juu ya kitu kilichosuguliwa, akitaka kujua chaji hiyo inaweza kufika umbali gani. Pamoja na rafiki yake Granville Wheler, huko Otterden katika jimbo la Kent, walivuta uzi mrefu na kuushikiza kwa nyuzi nyembamba za hariri. Kijipira cha pembe ya ndovu kilichofungwa mwisho wa uzi kikavuta vijipande vyepesi vya metali: chaji ilikuwa imefika. Wakadhani hariri imefaa kwa sababu ya wembamba wake. Hariri ilipokatika wakaweka waya mwembamba wa metali mahali pake, na chaji yote ikapotelea kwenye jengo. Hapo wakatambua kwamba jambo si wembamba, ni kitu chenyewe kimetengenezwa kwa nini.

Sasa, ule uzi uliobeba chaji ulikuwa wa katani. Leo mwanafunzi akiandika kwamba uzi wa katani unapitisha umeme, atapigwa kosa.

Uzi ule ulipitisha kwa sababu katani hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu wenye chembe za chumvi hubeba chaji. Tena bomba la kioo lililosuguliwa huwa na volti maelfu kwa maelfu, kwa hiyo hata njia mbovu ilitosha. Haya mawili, unyevu na ukubwa wa volti, ndiyo yanayokosekana kwenye daftari.

Ndani ya shaba, karibu kila atomu imeachia elektroni moja inayozunguka huru. Ukiwasha swichi, elektroni zote kwenye waya husukumwa karibu kwa mara moja, ndiyo maana taa huwaka papo hapo, ingawa elektroni yenyewe kwenye nyaya za nyumbani husogea chini ya milimita moja kwa sekunde. Kwenye plastiki elektroni zimefungwa na atomu zake. Zinayumba kidogo, hazisafiri. Lakini kufungwa huko kuna kikomo. Hewa kavu huvumilia takriban volti 3,000 kwa kila milimita, kisha inapasuka na kuwa njia. Radi ni hewa iliyoshindwa kuzuia.

Na mti? Mti mkavu huzuia vizuri. Mti mbichi, au uliolowa mvua, una maji yenye chumvichumvi ndani yake, na chaji hupita humo. Tunawafundisha watu kumwondoa aliyenaswa na umeme kwa kutumia mti, na neno “mkavu” hutamkwa haraka kama vile ni pambo, wakati ndilo linalobeba uhai wa mwokoaji. Ajali nyingi hutokea mvua inaponyesha, na ufito ulio karibu umelowa chepechepe.

Ngozi yetu nayo iko hivyo hivyo. Ikiwa kavu inaweza kuwa na ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme, wa makumi ya maelfu ya omu. Ikilowa, mwili mzima unaweza kushuka hadi kama omu 1,000. Gawanya volti 230 za ukutani kwa 1,000, unapata ampea 0.23, ndio mkondo wa umeme utakaopita mwilini. Swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini kwa kawaida hutegwa ikate kwenye ampea 0.03. Mtu yule yule, pasi ile ile, waya ule ule uliochunika. Tofauti ni kwamba leo amesimama peku kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji.

Wanaotunza laini za umeme huko pwani wanalijua hili vizuri. Upepo wa bahari hupaka chumvi kwenye vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo. Kiangazi kizima hakuna shida. Yakija manyunyu ya kwanza, chumvi inalowa na umeme unaweza kurukia juu ya kauri ile ile iliyokuwa ikiuzuia jana yake.

Ninachopendekeza hakihitaji maabara. Mita ya kawaida ya fundi, inayotumia betri, ipimwe kwenye kijiti kikavu mbele ya darasa: itaonyesha kwamba ukinzani umepita uwezo wake. Kijiti kilowekwe kwenye maji ya chumvi usiku kucha, kipimwe tena kesho yake, na watoto waandike namba wanayoiona badala ya kuweka vema chini ya “hakipitishi”. Kisha swali la mtihani libadilike: mti huu unazuia umeme wa volti ngapi, na ukiwa katika hali gani?