Mgeni wa Doctor Who aanze na kitabu gani?

Doctor Who ni siris ya tivii ya BBC ya Uingereza, inamhusu Doctor, msafiri wa wakati ambaye hubadilika sura na kuchezwa na mwigizaji mwingine. Tangu Ncuti Gatwa, yule mwigizaji mzaliwa wa Rwanda aliyelelewa Scotland, aanze kuwa Doctor 2023, hata hapa Mombasa kuna watu wapya wameingia na swali lao ni hilohilo, nisome nini nishike hii siris? Manake ilianza Novemba 1963, ikakatwa 1989, ikarudi 2005, sasa mtu ataanzia wapi jamani.

Kuna wa kumwambia nunua yale mabuku makubwa ya mapicha, yanaeleza kila adui na kila Doctor. Siwalaumu, mtu akisikia jina la adui kama Dalek afungue aone ni kitu gani, yamekwisha. Lakini buku hilo litakuharibia utamu wa vipindi mia ambavyo hujaviona, na likichapwa leo kesho limeshapitwa, alafu siris yenyewe hujipinga mara kwa mara so ukikariri ukweli wake utachanganyikiwa bure.

Wengine wanasema soma hadithi tu, na mimi niko huku ila kwa masharti. Vile vitabu vyembamba vya wachapishaji Target, vya kusimulia vipindi vya tivii, vilivyoanza 1973 vilikua na kazi yake, zamani hizo hakuna kurudia kipindi ukitaka, na BBC yenyewe ilifuta kanda nyingi za miaka ya sitini, kwa hivo kitabu ndo kilikua njia ya kuijua hadithi. Terrance Dicks peke yake kaandika zaidi ya sitini! Lugha yake nyepesi, wallahi unamaliza kimoja jioni moja. Ubaya wake vingine ni vikavu, ni kama kaikopi skripti akaongeza "akasema" basi.

Alafu kuna wale wanaomrushia mgeni riwaya ya Human Nature, cha Paul Cornell cha 1995, ati ndo bora. Ni kizuri kweli, mpaka kikafanywa vipindi vya tivii 2007, lakini ndani kuna Bernice, msafiri mwenza wa Doctor aliyebuniwa kwenye riwaya, mgeni ataanza kuuliza huyu nani na ametoka wapi. Hicho kingoje.

Mimi ningempa viwili pamoja. Rose cha Russell T Davies, cha 2018, ni kile kipindi cha kwanza cha 2005, cha binti Rose anayekutana na Doctor, kimeandikwa upya, na The Auton Invasion cha Dicks, cha 1974. Adui ni yuleyule, masanamu ya dukani kama yale yanayovalishwa nguo huko mjini, yanaamka yanaanza kuua watu. Unaona vile hadithi moja ilivyosimuliwa kwa watoto wa zamani na vile inavyosimuliwa sasa, Davies anakaa sana na mamake Rose na majirani, Dicks yeye mbio tu hana muda wa mamake mtu. Jambo hilo lile buku kubwa la mapicha halitakuonyesha.

Na vya Dicks ukivipata vya mtumba, chungulia kwanza kurasa za mwisho kama hazijachanwa.