Redio ya Kompyuta: Kitufe cha Kuzungusha au Maporomoko ya Rangi?

Kijiti cha USB chenye chipu ya RTL2832U kilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali. Mwaka 2012 wapenzi wa redio wakagundua kwamba kinaweza kuipa kompyuta mawimbi ghafi, na kazi ya kuyachuja na kuyageuza sauti ikafanywa na programu. Redio imekosa mwili. Swali ni sura yake kwenye skrini iweje.

Wapo wanaotaka ifanane na redio tuliyokua nayo: kitufe cha kuzungusha, na mshale unaotembea juu ya namba. Hoja yao ina uzito. Fundi mmoja mzee wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, niliyemkalisha mbele ya sura hiyo alikamata stesheni bila kuelekezwa. Lakini alihangaika sana na mausi, maana kitufe cha kuchorwa hakina ule uzito ambao vidole vyake vinaujua.

Wengine wanataka "maporomoko", yaani mchoro wa rangi unaoshuka mstari kwa mstari, ukionyesha nguvu ya mawimbi. Kijiti hiki huonyesha takriban megahezi 2.4 kwa mara moja, hivyo bendi moja nzima ya wapenzi wa redio, megahezi 144 hadi 146, inaenea kwenye skrini. Mtu akiongea sekunde tatu tu, alama yake inabaki. Kitufe cha kuzungusha kingempita.

Mimi nipo upande wa maporomoko, na sababu yangu kubwa inatoka hapa Mbeya. Minara iliyo juu ya mlima Loleza inatazama mji mzima, na stesheni za FM zinaingia kwa nguvu kubwa. Kijiti hupima mawimbi kwa ngazi 256 tu. Geini, yaani kiasi cha kuyakuza mawimbi, ikizidi, kinalemewa, na stesheni moja inaanza kujitokeza mahali isipokuwepo. Kwenye maporomoko unaziona nakala hizo za uongo zikifutika unapopunguza geini. Sura ya redio ya zamani inakuachia mkwaruzo tu, nawe unalaumu antena. Kuificha geini ili kumrahisishia mgeni ni kumnyima kitu anachokihitaji kuliko vyote.

Hata hivyo maporomoko yanaichosha kompyuta. Kwenye laptopu kuukuu, ambazo ndizo wanafunzi wengi wanazo, sauti huanza kukatika. Programu ipunguze kasi ya mchoro kwanza, sauti isiguswe.

Kwa yule fundi mzee wa Mwanjelwa ningeweka namba kubwa za masafa juu kabisa, kila tarakimu ibadilike kwa gurudumu la mausi, na geini iwe kando yake. Niliwahi kufikiria kuiandika "ukuzaji". Vijana wanaoshika mikisa za sauti makanisani wanasema geini, na fundi pia alisema geini. Nitaandika geini.