Kiangazi cha Chicago: amri ya usiku au kibarua cha mchana?

Majira ya joto yanapokaribia, miji mikubwa ya Marekani huanza kubishana upya kuhusu saa ambayo vijana wanapaswa kuwa wamerudi nyumbani. Mei 2022, baada ya kijana wa miaka 16 kuuawa kwa risasi katika bustani ya Millennium Park, Chicago ilisogeza amri ya kutotoka nje ya mwishoni mwa wiki kutoka saa tano usiku hadi saa nne. Juni 2025 baraza la jiji likaenda mbali zaidi: likataka polisi waweze kutangaza amri ya namna hiyo kwa taarifa ya nusu saa tu. Meya Brandon Johnson akaipinga kwa kura ya turufu, na wengi wakamwona anawadekeza wahuni.

Wanaoitetea amri wana hoja. Haigharimu sana, inaanza usiku huohuo, na inampa askari sababu ya kumwambia mtoto arudi kwao kabla mambo hayajaharibika. Mama anayelea peke yake naye hupata pa kujishikiza, maana kumwambia mwanawe "sheria hairuhusu" ni rahisi kuliko kubishana naye mlangoni kila Ijumaa.

Lakini saa zenyewe hazikubaliani na amri. Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani zimeonyesha kwamba siku zisizo za shule, ukatili unaofanywa na vijana hufika kilele kati ya saa moja na saa tatu usiku. Saa nne ikifika, aliyetaka kupigana keshapigana. Jijini Washington, ambako wakati wa utafiti amri ilikuwa ikisogea kutoka saa sita usiku hadi saa tano kila Septemba, watafiti walipima milio ya bunduki kwa vinasa sauti vya mitaani. Katika saa ile iliyoongezwa kwenye marufuku, siku za katikati ya wiki, milio iliongezeka kwa asilimia 150. Maelezo yao yanaingia akilini: amri huwaondoa barabarani wale wanaotii sheria, na wenye silaha hubaki bila macho ya kuwaona.

Upande wa pili, ule wa kibarua, ndio unaodharauliwa. Mwaka 2012 Chicago ilitoa vibarua vya likizo kwa vijana wa shule 13 zilizo katika mitaa yenye vurugu nyingi. Waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, kwa hiyo ikapigwa bahati nasibu kati ya vijana 1,634. Waliopata walifanya kazi wiki 8, saa 25 kwa wiki, kwa dola 8.25 kwa saa: wengine wakilima bustani za mtaa, wengine wakisimamia watoto kambini, wengine wakipanga mafaili katika ofisi za madiwani. Kila kundi lilikuwa na mtu mzima wa kuwaongoza, yule wa kukuuliza mbona umechelewa na kukuonyesha jinsi ya kuzungumza na bosi aliyekukaripia.

Ndani ya miezi 16, waliopata nafasi walikamatwa kwa makosa ya ukatili kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 43 kuliko wenzao waliokosa. Kwa kila vijana 100, hiyo ni kama kukamatwa mara nne pungufu. Mtu anaweza kusema: si ajabu, walikuwa kazini, wangepigana saa ngapi? Hilo lingetosha kama tofauti ingeonekana ndani ya zile wiki 8. Sehemu kubwa ilionekana baadaye, mshahara ulipokwisha na vijana walipokuwa wamerudi mitaa ileile, kwa marafiki walewale. Kwa hiyo kuna kitu walichoondoka nacho, na mimi naamini ni ule uzoefu wa kukosolewa na mkubwa bila jambo hilo kuishia kwenye ngumi. Hakuna amri inayoweza kumfundisha kijana hilo, kwa sababu amri humkuta akiwa tayari ni mshukiwa.

Mipaka ipo, na isifichwe. Makosa ya wizi hayakupungua. Gharama ilikaribia dola 3,000 kwa kila kijana. Tena bahati nasibu ilihusu walioomba tu. Yule ambaye hajawahi kujaza fomu yoyote maishani mwake hakupimwa, na huenda ndiye anayeogopwa zaidi. Kwake askari bado anahitajika, na jioni ambayo kuna habari za kweli za vurugu katika eneo fulani, kulifunga eneo hilo kwa muda kunaweza kuokoa maisha.

Ninachokipinga ni amri kuwa ndiyo sera nzima, huku nafasi za kazi zikihesabiwa kama hisani ya kukatwa bajeti inapobana. Kila baraza linapojadili saa ya kuwafungia vijana ndani, lisomewe kwanza idadi ya waliotuma maombi ya kazi mwaka huo wakaambiwa nafasi zimejaa.