Kabla ya Kura Kuna Fomu

Mama mmoja tunayesali naye hapa Texas, mzaliwa wa Bukavu na raia wa Marekani kwa miaka mingi sasa, aliniita nyumbani kwake nimsaidie kujaza fomu ya kuomba kura ya posta. Ana zaidi ya miaka 70 na goti moja limekataa kazi. Karatasi ilikuwa mezani karibu na miwani na pakiti ya dawa. Jina aliandika mwenyewe, anwani vilevile, halafu akafika kwenye visanduku vya namba, kalamu ikasimama.

"Mwanangu, wanataka namba gani? Ya leseni ama ya soshali?"

Fomu inataka namba ya leseni ya udereva au ya kitambulisho cha jimbo, na asiye nayo aandike tarakimu nne za mwisho za hifadhi ya jamii. Shida ni kwamba namba atakayoiandika lazima ilingane na iliyomo kwenye kumbukumbu zake za uandikishaji, na Mama hakumbuki alijiandikisha kwa ipi. Nani anakumbuka jambo la namna hiyo? Tukaandika zote mbili. Kwa kuwa nilimsaidia, nami nikajaza sehemu yangu: jina, anwani, sahihi.

Masharti haya ya namba yaliletwa na sheria ya jimbo iitwayo SB 1, iliyopitishwa 2021. Inatumika kwenye fomu ya maombi, kisha inatumika tena kwenye bahasha ya kurudishia kura. Hapa Texas si kila mtu anaruhusiwa kura ya posta. Wanaoruhusiwa hasa ni waliofikisha miaka 65, wagonjwa na wenye ulemavu, na watakaokuwa nje ya kaunti siku za kupiga kura. Kwa hiyo ninaposema maombi haya yarahisishwe, nazungumzia kwa sehemu kubwa wazee.

Kwenye kura za mchujo za Machi 2022, ambazo vyama huteulia wagombea, uchaguzi wa kwanza wa jimbo zima chini ya sheria hiyo, kura za posta zaidi ya 24,000 zilikataliwa. Ni kama 12 katika kila 100. Mwaka 2020 zilizokataliwa zilikuwa kama 1 katika kila 100. Kwenye kaunti ya Harris, yenye jiji la Houston, ilikaribia kura moja katika kila tano. Takwimu hii inanikosesha raha kila ninapoirudia, kwa sababu ya aina ya watu walio ndani yake. Hao hawakuwa wavivu wa kupiga kura. Waliomba, wakakubaliwa, wakapokea karatasi, wakachagua, wakafunga bahasha, wakaipeleka posta. Wengi wao walitimiza kila kitu isipokuwa namba, ambayo kwenye bahasha ilikuwa na nafasi yake chini ya mkunjo, mahali ambapo jicho la mzee hupita bila kuona. Katika kila wanane, kura ya mmoja ilikataliwa.

Watetezi wa SB 1 wana jibu, na ni jibu la kweli: Novemba ya mwaka huohuo kiwango kilishuka chini ya 3 katika 100, kwa sababu watu na ofisi walishazoea. Nakubali. Lakini waliopotezewa kura Machi hawakurudishiwa, na asilimia ya kura zilizokataliwa haimhesabu aliyekata tamaa asiombe tena. Jaji wa shirikisho aliikataa kanuni ya kulinganisha namba mwaka 2023, akisema inavunja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Kisheria, basi, namba zimebaki.

Wanaoogopa kulegeza masharti nao si watu wa kubezwa. Wasomaji wengi wa Kiswahili tumezoea kura inayotumbukizwa kwenye sanduku mbele ya mawakala na kuhesabiwa kituoni. Karatasi iliyopita jikoni kwa watu na kwenye mikoba ya posta inatutia wasiwasi, na wasiwasi huo una ushahidi. Mwaka 2005 tume iliyoongozwa na rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter na waziri wa zamani wa mambo ya nje James Baker ilisema kura za wasiofika kituoni ndizo chanzo kikubwa zaidi cha uwezekano wa wizi wa kura. Ufaransa iliifuta kura ya posta mwaka 1975 kwa sababu ya udanganyifu. Na katika jimbo la North Carolina, mwaka 2018, Mark Harris wa Republican aliongoza kwa kura 905 katika jimbo la uchaguzi la 9 la Bunge la Congress, kisha ikabainika kwamba McCrae Dowless, aliyefanya kazi upande wake, alikuwa na kikosi cha watu waliolipwa kuzunguka kaunti ya Bladen wakikusanya fomu za maombi, baadaye na kura zenyewe. Matokeo yalikataliwa, uchaguzi ukarudiwa 2019.

Kisa hicho hutajwa kila mara kama hoja ya kuzidisha ugumu. Mimi nakisoma tofauti. Wizi wa Bladen ulianzia kwenye fomu ya karatasi iliyopita mkononi mwa mtu wa tatu. Mzee akishindwa kuomba mwenyewe, anabaki kumtegemea anayebisha hodi, na anayebisha hodi anaweza kuwa mtu wa Dowless. Baada ya kashfa ile North Carolina ilibana ukusanyaji wa fomu, lakini mwaka 2020 ikafungua pia tovuti ya jimbo ambako mpiga kura anaomba mwenyewe kwa taarifa zake, bila mtu wa katikati.

Uingereza nayo ilichanganya kubana na kurahisisha. Tangu Oktoba 2023 unaomba kura ya posta mtandaoni kwa namba yako ya bima ya taifa, na ruhusa haidumu zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuomba upya.

Texas bado inadai wino. Ukituma fomu kwa faksi au barua pepe, karatasi yenyewe lazima ifuate kwa posta, ifike ndani ya siku nne za kazi. SB 1 pia imefanya kuwa jinai afisa wa uchaguzi kumtumia fomu mtu ambaye hakuiomba. Sababu ya walioitunga naielewa: mwaka 2020 karani wa kaunti ya Harris alitaka kuwatumia waliojiandikisha wote, zaidi ya milioni 2, wengi wao wakiwa hawana sifa. Ila vyama na wagombea havikukatazwa. Hivyo ofisi isiyo na upande haiwezi kumpelekea Mama fomu, na mwenye maslahi kwenye kura yake anaweza. Hapo sioni usalama ulioongezeka.

Kuna hofu moja ambayo tovuti haitaiponya. Nyumbani hakuna pazia la kituoni, na mtoto mwenye sauti kubwa anaweza kumsimamia mzazi mpaka atie alama anayotaka yeye. Anayeikataa kura ya posta kwa sababu hiyo namsikiliza kwa makini. Lakini hoja yake inahusu nani aruhusiwe kupigia kura nyumbani, na Texas imeshamruhusu Mama.

Fomu yake ilipita. Karatasi ya kura ilipofika alinipigia simu kwanza kuuliza mkunjo uko upande gani. Maombi yale ni ya mwaka mmoja tu wa kalenda, kwa hiyo Januari ataketi tena mezani na kalamu, aanze upya kutoka kwenye jina.