Bati la Newala si bati la Mikindani

Nililala kwenye gesti moja Lindi mjini, chumba kipya, bafu limebandikwa marumaru mpaka darini. Nilipofungua maji, hayakwenda kwenye tundu la kutolea maji kule kona ya ndani. Sakafu ilikuwa imelalia mlangoni, na kabla sijamaliza kuoga maji yalikuwa yameshafika chini ya kitanda na kulowesha begi langu. Mhudumu akaja na dekio. Dekio lenyewe lilikuwa limeegemezwa nje ya mlango tangu nilipofika, maana yake kila mgeni hupata mafuriko yale yale, na kila siku dada yule huinama kuyakausha.

Nikamsimulia fundi mmoja wa hapa Mtwara ninayemwamini. Akaniambia mteremko wa bafu hauongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Unataka pima maji, uzi, na saa moja ya subira kabla ya kubandika marumaru. Lakini mwenye nyumba akija kukagua kazi, akasema, haji na ndoo ya maji. Anakuja kutazama.

Maneno hayo yamenikaa. Tukikuta kitu kibovu tuna jibu lililo tayari mdomoni: ndiyo uwezo wetu. Mara nyingine ni kweli, na nitalirudia hilo. Ila bafu lile lilijengwa kwa fedha za kutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kulifikiria likiwa na maji ndani yake. Naamini kila kitu kilichotengenezwa kina siku yake ya kujaribiwa: bafu siku ya kuogewa, paa siku ya mvua, ngazi usiku umeme ukikatika, gati maji yakipwa. Anayelipa hukiona siku nyingine kabisa, siku ya makabidhiano, kikiwa kikavu na jua linawaka.

Kizuri nacho tunakipita bila kukiona, kwa sababu hakuna anayelalamika. Kwenye vivuko vyetu, cha Kitunda ng'ambo ya Lindi na cha Msangamkuu ng'ambo ya Mtwara, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Ngazi za wima zingefaa kwa saa chache tu kwa siku. Mteremko unaoingia majini, ambapo pantoni huweza kushusha mlango wake popote maji yalipofikia, unafaa maji yakijaa na yakipwa. Hakuna anayeupiga picha. Mama mwenye beseni kichwani anaupanda bila kutazama miguu yake, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo kazi ya mikono inaweza kupewa.

Sasa bati, ambalo ndilo limenifanya niandike. Ubishi wake ni wa zamani huku kwetu. Upande mmoja wapo wanaosema bati ni balaa tulilojiletea. Ukitembea Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, unawaelewa. Nyumba za zamani pale zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene, boriti za mikoko, baraza mbele. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba nyumba moja humpa jirani kivuli. Ukuta mnene wa mawe huchukua muda mrefu kupata joto, na mchana ukiingia ndani unasikia mwili unapoa. Makuti juu yake huacha hewa ipite. Bati halina subira hiyo. Jua likilipiga, joto linashuka ndani papo hapo, na nyumba ya bati isiyo na dari mwezi wa Januari, adhuhuri, haikaliki. Watu huhamia chini ya mwembe.

Nilikuwa upande huo kwa moyo wote mpaka nilipoanza kwenda Newala mara kwa mara.

Uwanda wa Makonde uko juu, Newala ni zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna baridi ya kuvutia shuka. Kule joto la bati si kilio cha kwanza. Kilio ni maji. Ardhi ya uwanda ni ya mchanga, mvua ikinyesha inazama yote, mito hakuna, na chemchemi ziko chini kabisa kwenye miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde waliteremka na kupanda na maji kichwani, safari ya kuanza alfajiri. Mvua yenyewe ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Mahali kama hapo paa la nyasi, pamoja na ubaridi wake wote, linaacha mali ipotee. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita 80 za mraba, ikinyesha milimita 20 tu, limepokea lita 1,600. Hata zikipotea kiasi njiani, ni ndoo zaidi ya sitini ambazo hakuna aliyezipandisha mlima.

Kwa hiyo bati lile lile ambalo Mikindani nililiita kosa, Newala ni chombo cha maji kilichowekwa juu ya nyumba. Linakuwa kosa pale lilipoezekwa bila gata na bila tanki, na nyumba za namna hiyo ni nyingi: mvua inaanguka kutoka ukingoni, inachimba mfereji chini ya msingi, na mama mwenye nyumba anakinga kwa sufuria na madumu yaliyopangwa mstari. Hapo uwezo unaingia kweli. Tanki ni fedha nyingi kwa mtu anayengoja mauzo ya korosho, na bati ndilo lililopatikana mwanzo. Siwezi kumlaumu. Ninayemlaumu ni yule anayejenga jengo la umma lenye paa kubwa na kuliacha limwage maji yote mchangani.

Na watetezi wa nyumba za zamani, mimi nikiwamo, tukubali jambo jingine. Ukuta wa matumbawe unadai matunzo. Plasta ya chokaa ikipasuka juu na maji yakaingia, ukuta huanza kufumuka kutoka ndani. Magofu yaliyopo Mikindani si ya nyumba zilizojengwa vibaya, ni ya nyumba zilizokosa mtu wa kuzirudia. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limesimama kwa sababu lilikarabatiwa na likapewa kazi, ni hoteli sasa. Makuti nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na cheche moja inaweza kuchukua nyumba tatu. Mtu aliyepanda kutoka makuti kwenda bati hakudanganywa na mtindo. Alichoka.

Mtindo ni huu wa sasa wa kuficha bati. Ukuta unapandishwa kuzidi paa, nyumba ukiitazama kutoka barabarani inaonekana kama sanduku safi. Inapendeza, sikatai, na kuna hoja ya haki nyuma yake: upenu uliotoka sana hukamatwa na upepo, na pwani hii inajua upepo. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Ukuta unaolificha bati unalikinga kiasi. Lakini maji yote ya paa sasa yanapita kwenye gata lililojificha kati ya ukuta na bati. Majani ya mwembe yakiziba siku moja, maji hayana pa kwenda ila ndani, juu ya dari ya jipsamu. Na upenu ukiondoka, jua la asubuhi na la alasiri linaupiga ukuta moja kwa moja, madirisha hayafunguliki mvua ikinyesha, na pale ambapo wazee wangekuwa wamekaa barazani pamebaki ukuta mtupu.

Kuna pingamizi moja kwa haya yote ninalolichukua kwa uzito. Siku mbaya haina mwisho. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama. Ni rahisi kusema makalvati yalikuwa madogo. Lakini mhandisi hawezi kujenga kila kalvati kwa mafuriko makubwa kuliko yote. Fedha ya kalvati moja kubwa mno ni kijiji kingine kilichokosa barabara. Lazima achague siku mbaya ipi ataijengea na ipi ataiacha, na kuchagua huko ni kazi ya heshima ikiwa imefanywa kwa kujua. Barabara yaweza kusubiri miaka mingi kabla ya kujaribiwa. Bafu la gesti linajaribiwa kila asubuhi. Kushindwa kwa barabara nataka kuchunguza kabla ya kuhukumu. Kushindwa kwa bafu sihitaji kuchunguza.

Mwenyewe nina kiwanja Mtwara, msingi umeshainuka. Vijana wangu wanataka kuficha bati kama nyumba za jirani, na fundi amechora hivyo. Tumebishana wiki mbili. Tumekubaliana ukuta wa mbele upandishwe wanavyopenda, upande wa magharibi upenu utoke sentimita 90 na baraza chini yake, gata liwe la nje, mahali ambapo mtoto akipewa ngazi anaweza kutoa majani. Tanki litakaa nyuma. Siku ya kukabidhiana nyumba nimemwomba fundi tuanzie bafuni, na nitakuja na ndoo mbili za maji.