Nani Anashika Hazina ya Walioacha Mali?

Utulivu wa moyo siku hizi unauzwa. Programu ya simu inakukumbusha alfajiri kwamba siku za majaribio zimekwisha, lipia mwezi ili uendelee kutafakari. Mhubiri redioni anakwambia amani itaingia nyumbani kwako ukishatuma sadaka ya mbegu, na namba ya kutumia inasomwa polepole, inarudiwa, inasomwa tena. Zanzibar kuna hoteli za ufukweni zinazotoza wageni kwa dola wiki nzima ya yoga na ukimya. Wote wanahubiri jambo moja, kwamba tupunguze tamaa ya vitu. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu imenizoesha kufuata fedha inakotoka na inakoishia. Kwa hiyo nikisikia habari za jumuiya ya watu walioipa mali mgongo, wanaoishi pamoja na kutafakari pamoja, siulizi kwanza wanasali namna gani. Nauliza hazina inashikwa na nani.

Swali hilo nililipata Taizé, kijiji kidogo juu ya kilima huko Burgundy, Ufaransa, chenye jumuiya ya watawa wa kiume waitwao mabruda. Nilikwenda na vijana wa usharika nilipokuwa nasoma Ujerumani. Watu wengi wa kwetu wanaijua Taizé kwa nyimbo zake fupi zinazorudiwarudiwa, na kwaya nyingi zimeziimba bila kujua zinatoka wapi. Historia yake inastahili kujulikana zaidi ya nyimbo.

Mwaka 1940, vita ikiwa imepamba moto, kijana wa Kiswisi mwenye miaka 25, Roger Schutz, mtoto wa mchungaji, alifika pale kwa baiskeli akitafuta nyumba ya kununua. Mahali penyewe palikuwa karibu na mpaka wa eneo lililokaliwa na Wajerumani. Yeye na dada yake Geneviève wakaanza kuwahifadhi wakimbizi, Wayahudi wakiwemo. Mwaka 1942 siri ikavuja, ikabidi akae Geneva. Aliporudi 1944 alikuwa na wenzake wachache, na vita ilipokwisha wakaanza kuwakaribisha wafungwa wa Kijerumani waliokuwa kambini jirani. Nyumba ileile iliyowaficha waliowindwa na Wajerumani sasa ikawa inawalisha Wajerumani. Pasaka ya 1949 mabruda saba waliweka nadhiri za maisha: kutooa, kuwa na mali ya pamoja, kuishi kwa kiasi. Wa kwanza walikuwa Waprotestanti, baadaye Wakatoliki nao wakajiunga, na leo pale kuna mabruda kutoka nchi nyingi za mabara yote.

Sasa tufike kwenye hazina. Mabruda wa Taizé hawapokei michango wala zawadi kwa ajili yao wenyewe. Hata urithi hawauchukui. Bruda akirithi kitu kwa wazazi wake, kinapelekwa kwa maskini. Wanakula kwa kazi ya mikono yao: ufinyanzi, vitabu, sanaa ndogondogo zinazouzwa dukani pale kilimani. Gharama za vijana wanaokuja kwa maelfu wakati wa kiangazi zinalipwa na vijana wenyewe, na kiwango kinategemea unatoka nchi gani. Wa nchi tajiri analipa zaidi, wa nchi maskini analipa kidogo, kisha wote wanalala kwenye mabweni yaleyale na kupakuliwa kutoka sufuria moja.

Kwa mtu asiyeshughulika na hesabu, kukataa zawadi kunaweza kuonekana kama ukaidi wa kitawa tu. Mimi nimekaa na vitabu vya fedha vya taasisi za dini kwa muda wa kutosha kujua zawadi kubwa inafanya nini. Anayetoa bati za paa anawekewa kiti mbele. Mwaka unaofuata anaulizwa maoni yake kuhusu mchungaji mpya. Mwaka wa tatu hakuna anayethubutu kukemea namna alivyowadhulumu vibarua wake, kwa sababu mvua ikinyesha wote wako chini ya bati zake. Mabruda wa Taizé walilifunga tundu hilo mapema. Ndani ya kanisa lao, Kanisa la Upatanisho, ambalo vijana wa Kijerumani walikuja kusaidia kulijenga na likafunguliwa mwaka 1962, karibu kila mtu anakaa sakafuni. Pembeni kuna mabenchi ya wazee na wasioweza kukunja miguu. Kiti cha mfadhili hakipo.

Chakula chenyewe nakikumbuka vizuri. Asubuhi ni mkate, siagi kidogo na vijiti viwili vya chokoleti, na kinywaji cha moto kinamiminwa kwenye bakuli lisilo na mkono, unalishika kwa viganja viwili. Mchana unakula kwa kijiko peke yake. Hakuna uma, hakuna kisu. Kila mgeni anapangiwa kazi, na mimi niliangukia masufuria. Nilipangwa na binti wa Kipolandi na mvulana wa Kireno ambaye kwao, alisema mwenyewe, hajawahi kuosha hata kikombe. Siku ya kwanza alilowesha viatu vyetu wote. Kabla wiki haijaisha ndiye aliyekuwa akitupanga nani asugue, nani asuuze, nani apange kwenye rafu, na alikuwa mkali kwelikweli mtu akiacha ukoko chini ya sufuria.

Pale jikoni ndipo nilipoelewa kwamba kujinasua na vitu hakuna uhusiano na kuvidharau. Kijiko ni kimoja kwa sababu kuna mtu atakiosha, na mtu huyo kesho ni wewe. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wana agizo linalofanana na hilo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6. Sura ya 33 inamkataza mtawa kumiliki chochote, hata kalamu, na sura ya 31 inamtaka mtunza ghala avitunze vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altareni. Jembe na kikombe cha misa vinashikwa kwa heshima moja. Aliyefika kusini mwa Tanzania, Peramiho, walikoanza mwaka 1898, au Ndanda, mwaka 1906, atakuwa ameona hilo linavyofanya kazi: karakana zilizopangwa, mashamba, hospitali zinazowahudumia watu wa mbali. Watawa wasio na kitu mfukoni wamejenga zaidi ya matajiri wengi ninaowajua, kwa kuwa hakuna anayeondoka na chake.

Na ukimya je? Mara tatu kwa siku kengele zinalia na shughuli zote zinasimama. Milangoni vijana wanashika vibao vya kuomba ukimya. Ndani, mabruda wamevaa kanzu nyeupe katikati, mishumaa mbele, nyimbo fupi kwa lugha mbalimbali, somo dogo la Biblia. Kisha kila kitu kinanyamaza, kama dakika nane au kumi hivi, watu elfu kadhaa wengi wao wakiwa hawajafika miaka 30. Hakuna anayekuongoza upumue vipi. Hakuna sauti laini ya kukuambia ufikirie bahari.

Nikiwa peke yangu chumbani, ukimya huo siuwezi. Mkono unatafuta simu wenyewe. Pale niliuweza, na sababu naiona wazi: nilibebwa. Mwenzangu wa kushoto alikuwa akilia bila sauti, mbele yangu mtoto alikohoa akapakatwa na mama yake, na hakuna aliyeinuka. Ukitafakari peke yako kila wazo linalokusumbua ni kosa lako. Ukitafakari na wengi, unagundua kila mtu amekuja na mzigo wake na wote mmekubaliana kutulia nao kwa muda. Hiyo ndiyo sehemu ambayo programu ya simu haiwezi kuiuza hata ikitaka, kwa sababu inamhitaji jirani.

Wala jambo hili si geni kwetu. Pwani yetu imekuwa na zikri za pamoja kwa vizazi. Bagamoyo ilikuwa kituo kikubwa cha tarika ya Kadiria, njia ya Kisufi ya Waislamu, na khalifa wake aliyesifika kuliko wote, Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931, aliletwa pwani kutoka upande wa Kongo akiwa mtoto mtumwa. Ninapowasikia vijana wa mjini wakisema kutafakari kwa pamoja ni mambo ya Wazungu au ya Wahindi, ninatamani wasimame kwanza hapo. Mtu ambaye hakumiliki hata nafsi yake mwenyewe alikuja kuwa kiongozi wa duara la watu wanaomtaja Mungu kwa pumzi moja, na waungwana wakamfuata.

Lazima niseme pia kuhusu Shakahola. Baada ya Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, Kenya, mtu yeyote anayesifia jumuiya za kuiacha dunia Afrika Mashariki ana deni la kueleza tofauti. Waumini waliofia pale nao waliacha mali. Waliacha kazi, shule na hospitali, wakahamia msituni pamoja na watoto, wakaambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Kwa hiyo kuacha mali peke yake si ushahidi wa wema wowote, na anayekwambia uache vyote bila kukuonyesha daftari wala mlango mkimbie.

Mlango ni muhimu kama hazina. Sura ya 58 ya Kanuni ya Benedikto ina kipengele ninachokipenda sana. Novisi, yaani anayejiandaa kuwa mtawa, akiweka nadhiri anavuliwa nguo zake na kuvishwa za monasteri, lakini zile zake hazitupwi. Zinawekwa kwenye stoo ya nguo, ili siku akiamua kuondoka, hata kama monasteri inaona ni shetani amemshawishi, azikute. Tena kabla ya nadhiri anasomewa kanuni nzima mara tatu ndani ya mwaka, aelewe anaingia wapi. Karne kumi na tano zilizopita watu hawa walikuwa wameshakubali kwamba mwenzao anaweza kubadili nia, wakamwandalia njia ya kutoka na nguo ya kuvaa. Taizé wageni wengi wanakaa wiki moja, kisha wanarudi kwao, na mabruda hawajaunda chama cha kuwafuatilia. Wanawaambia rudini kwenye makanisa yenu.

Hata hivyo hakuna utaratibu unaomgeuza binadamu malaika. Mwaka 2019 Bruda Alois, aliyekuwa mkuu wa jumuiya baada ya Bruda Roger kuuawa kwa kisu katikati ya sala ya jioni tarehe 16 Agosti 2005, alitangaza hadharani tuhuma za unyanyasaji wa kingono zilizowahusu mabruda watatu, matukio ya kati ya miaka ya 1950 na 1980. Habari hizo ziliniuma. Nimewasikia watu wakisema wangelimaliza kimyakimya, na nawapinga kwa nguvu zote. Jumuiya inayowafundisha vijana kunyamaza mbele za Mungu haina ruhusa ya kunyamaza mbele ya aliyeumizwa. Miongo ilikuwa imepita, na waathirika walistahili kusikilizwa mapema zaidi. Kwangu daftari la fedha na daftari la malalamiko yanakaguliwa pamoja.

Uhusiano wa Taizé na huku kwetu ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1978 Bruda Roger alikuja kuishi kwa muda Mathare, Nairobi, kwenye vibanda vya mabati, na mabruda wake walikuwa na makazi jijini humo. Novemba 2008, mwaka ulioanza kwa damu ya uchaguzi Kenya, vijana wa Afrika Mashariki walikusanyika Nairobi kwa mkutano wa siku kadhaa, wakapokelewa na familia za kawaida za parokia. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Kigali. Fikiria uzito wa ule wa Nairobi: mwenyeji anampokea mgeni wa kabila au nchi asiyoijua na kumlaza nyumbani kwake, miezi michache baada ya majirani kuchomeana nyumba.

Nimependekeza kwa vijana wa usharika wetu tuanze na wiki moja kila mwaka, wakati wa likizo. Hatuhitaji kujenga. Shule za bweni zinakuwa tupu, zina mabweni, jiko na mabenchi ya kuondoa. Hakuna mgeni rasmi, hakuna harambee, hakuna mfadhili wa kutajwa kwenye kipaza sauti. Kila mtu anapangiwa kazi, mchungaji pia. Sala mara tatu, na ukimya wa kweli ndani yake. Mapato na matumizi yanabandikwa ukutani kila jioni, nitayaandika mwenyewe. Karibu na daftari hilo kunakuwa na majina na namba za watu wawili, mmoja wao asiwe wa kanisa letu, ambao kijana yeyote anaweza kuwaeleza akiona jambo baya.

Kamati imekubali mengi na imekwama kwenye ada. Wapo wanaotaka wote walipe sawa, wakisema ndiyo haki. Mimi nimekataa, na nitaendelea kukataa katika kikao kijacho. Mwanafunzi wa Songea anayetumia siku nzima kwenye basi kufika Dar hawezi kutozwa sawa na mfanyakazi wa benki anayekaa Masaki. Nimekwisha kuandaa jedwali la viwango vitatu, na cha chini kabisa ni gunia la viazi la kikundi kizima, wakiwa nalo.