Chuo cha Bure Ujerumani? Mwulizeni Baba Mdogo

Kila ikikaribia mwezi wa tano simu yangu haipumziki. "Kaka, nasikia huko chuo ni bure." "Shem, mdogo wangu kamaliza Mlimani ana GPA nzuri, hebu muunganishe." Mmoja juzi hakunisalimia hata kidogo, alituma picha ya cheti chake na alama ya kuuliza, basi. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Sasa nimechoka, naandika mara moja, na ukinipigia nitakutumia hii.

Ada kweli haipo, sitaki kumsingizia mtu. Karibu vyuo vyote vya umma vya Ujerumani havimtozi mwanafunzi ada, awe Mjerumani au mgeni. Wapo wanaotoza: jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linamtoza mgeni asiyetoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza wageni. Mimi nilikwenda jimbo la Saxony kusoma uhandisi wa maji, shahada ya pili, na nilichokuwa nalipa ni mchango wa muhula, yuro 250 na ushee, nauli ya tramu ikiwa humo humo ndani. Kwa miezi sita! Nilipomwambia mama alidhani nimesahau sifuri.

Tatizo ni kwamba kabla hujafika kwenye hizo 250, kuna kitu kinaitwa Sperrkonto. Ni akaunti iliyofungwa. Unaweka humo hela ya kuishi mwaka mzima, ndipo ubalozi ukusikilize habari za viza. Ukifika Ujerumani wanakufungulia kidogo kidogo, kila mwezi fungu lake. Ni bumu kabisa, ile hela ya kujikimu ya mwanafunzi, tofauti yake ni kwamba hakuna Bodi ya Mikopo, umejikopesha mwenyewe. Mwaka wangu, 2023, ilikuwa yuro 11,208, yaani 934 kwa mwezi. Leo ni 11,904. Kwa hela zetu wakati ule ilikaribia shilingi milioni 30, na inatakiwa yote kwa mkupuo.

Nyumbani tulikuwa na milioni 12, baada ya baba kuvunja kila kibubu na kanisani kupitisha bahasha. Zile 18 zilizobaki alitoa baba mdogo. Ana duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, na ile ilikuwa hela ya kufuata mzigo. Mwaka ule hakwenda Guangzhou, China. Hakusema neno, ila shangazi aliniambia kando: "Hiyo siyo sadaka, unajua?" Nilijua.

Kwa hiyo 934 zikiingia, hesabu yangu ilikuwa hivi. Chumba cha bweni 260. Bima ya afya, ambayo ni lazima na bila hiyo chuo hakikusajili, 122. Baba mdogo 300. Zilizobaki 252 ndizo za kula, simu, sabuni, na mchango wa redio na televisheni ya umma wanaoitoza kila kaya hata kama haina redio. Niliishi kwa mchele, dengu na kabichi. Chupa za plastiki nilirudisha dukani, kila moja senti 25, na siku baada ya mechi nilikuwa naziokota bila aibu. Waswahili wengi huku wanafanya kimyakimya halafu wanapiga picha kwenye theluji na koti la mtumba. Na mimi pia nilipiga.

Hizo 252 hazitoshi. Unatafuta kazi. Sheria inaruhusu, tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaweza kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Hapa sasa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana mawakala na vijana wa YouTube hawagusi kabisa sehemu hii: kazi utakayopata inategemea Kijerumani chako.

"Lakini kozi yangu ni ya Kiingereza." Ya kwangu pia ilikuwa ya Kiingereza. Darasani tulikuwa kama 30, Wajerumani wanne. Profesa anafundisha Kiingereza, mtihani Kiingereza, slaidi Kiingereza. Mhadhara wa kwanza ulipokwisha watu wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, darasa zima, na mimi nikatafuta mlango nikijua ni mgomo, kama tulivyogongea sahani bwenini siku ya maharage yenye wadudu. Kumbe ndiyo makofi yao. Nikajisemea, huku nitazoea tu. Ukitoka nje ya mlango ule Kiingereza kinakwisha. Daktari, fundi wa bweni, ofisi ya wageni, tangazo ubaoni, vyote Kijerumani. Niliona nafasi ya msaidizi maabara, kazi ya kupima maji, fani yangu hasa. Mstari wa mwisho wa tangazo: Kijerumani B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita, A1 ikiwa ya chini kabisa. Mimi nilikuwa na A1 ya miezi miwili, niliyoisoma Upanga huku akili iko kwenye viza. Nikaangukia ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Mshahara kwa saa haupishani sana na wa maabara, ila maabara inafungwa jioni, unalala.

Pale ghalani ndipo nilipokutana na mzee mmoja wa Bukavu, Kongo. Sitamtaja jina, hakuniomba umaarufu. Siku ya kwanza alinisikia nikijiongelesha peke yangu kwenye mkanda wa mizigo, akageuka: "Weye ni wa wapi?" Tangu usiku ule Kiswahili changu cha Dar na chake cha Kivu vilikuwa vinakutana saa nane, kwenye mapumziko ya nusu saa, juu ya chupa ya chai.

Sasa habari ya barua. Huku kila jambo ni barua. Bima barua, benki barua, redio barua. Mwezi wangu wa kwanza huku nilikuwa napiga picha kila moja na kuiweka kwenye programu ya kutafsiri. Nilipotimiza miezi minne nikawa naziweka juu ya friji. Januari 2024 chuo kilinitumia barua pepe yenye kichwa "Rückmeldung". Nikaitafsiri simuni, jibu likaja: maoni. Maoni kuhusu muhula wa kiangazi. Nikacheka. Muhula haujaanza, wanataka maoni gani? Wakatuma tena, nikaifuta. Wenzangu wanajaza madodoso, mimi nina zamu.

Mwanzoni mwa Machi ikaja bahasha. Sijui kwa nini ile niliitia begini badala ya kuiweka juu ya friji, labda kwa sababu ilikuwa nzito. Usiku nikatoa chupa ya chai, nayo ikadondoka. Mzee akaiokota, akavaa miwani, akasoma kimya mpaka chini. Yeye alikuja kama mkimbizi, serikali ikamweka kwenye kozi ya lugha, ana B2 ya kweli. Akaniuliza kama nimelipa muhula ujao. Nikamwambia muhula ujao utalipwa ukifika.

"Apana. Wanasema mpaka Ijumaa. Ukikosa, wanakutosha ku shule."

Rückmeldung mitaani ni maoni, ndiyo. Chuoni ni kujisajili upya kwa muhula unaofuata, na unajisajili kwa kulipa ule mchango wa 250 kabla ya tarehe yao. Usipolipa wanakufuta. Neno lao ni Exmatrikulation; sisi Mlimani tungesema umedisko, tena umedisko bila kufeli hata somo moja. Na ukifutwa chuo, kibali chako cha kuishi hakina mguu wa kusimamia.

Halafu akavua miwani akanitazama. "Weye ni mutu ya masomo ya juu, na barua ya shule yako naisoma miye?"

Sikuwa na la kumjibu, na kengele ililia tukarudi kwenye mkanda.

Nililipa Jumatano, na faini ya yuro 25 juu yake. Hela ilikuwepo kwa bahati tu, kwa vile sikuwa nimemtumia baba mdogo ya mwezi ule. Nikampigia kumweleza. Akanyamaza kidogo, nikasikia kelele za Kariakoo nyuma yake, mtu anauliza bei ya cheni. "Haya," akasema. "Ila mwezi ujao usisahau."

Nimesimulia hili kirefu kwa sababu naona watu wanaogopa vitu vingine kabisa. Wananiuliza kuhusu baridi. Baridi ni koti. Wananiuliza kuhusu ubaguzi; upo, umewahi kunikuta kwenye tramu na kwenye kutafuta chumba, na hilo linataka siku yake. Wananiuliza kama masomo ni magumu. Magumu, ila chuo chenyewe ni cha haki kuliko nilivyotarajia, ukijua pa kuuliza. Mfano mmoja. Alama zao zinakwenda kinyume, 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 umepita kwa kukwaruza, 5.0 umefeli. GPA yangu ya 3.8 ya Mlimani waliigeuza kwa kanuni yao ikawa 2.2. (Mama hakuhitaji maelezo. "Si kama division tu? Wani ndiyo nzuri.") Muhula wa kwanza somo moja la mtiririko wa maji ardhini likaja 5.0. Kwetu ungesema sapu, yaani kurudia mtihani, ukakubali, ukaanza kutafuta desa. Mwenzangu Mjerumani akaniambia nenda kwenye Einsicht. Ni siku inayotangazwa, unakwenda unakalishwa na karatasi yako iliyosahihishwa, unaisoma ukurasa kwa ukurasa, na unaruhusiwa kuhoji. Nikakuta ukurasa wa sita una vema nyekundu tatu na hakuna maksi iliyojumlishwa. Nilimwonyesha msaidizi huku natetemeka, najiandaa kuambiwa nina kiburi. Akahesabu kwa kalamu. "Stimmt," akasema, sawa kabisa, akaandika 3.7. Hakuna aliyenuna. Profesa mwenyewe wiki iliyofuata alinisalimia kama kawaida.

Tangazo la siku ile ya Einsicht lilikuwa limebandikwa ubaoni, kwa Kijerumani. Nilikuwa nalipita kila siku nikienda kula.

Kuna jambo linalonichekesha na kuniuma pamoja. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Berlin shule ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwemo. Maofisa waliokuwa wanakuja kututawala walikaa darasani kwanza. Mwaka 1900 mmoja wa walimu waliowafundisha alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa kwetu Bagamoyo kabisa. Nia yao ilikuwa mbaya, tunajua iliishia wapi, kusini mwa nchi yetu bado wanakumbuka. Lakini walijua kwamba huwezi kwenda mahali kufanya jambo la maana kwa lugha ya mtu wa tatu. Sisi tunakwenda kwao kutafuta elimu, nia njema kabisa, tunapanda ndege na "Hallo" na "Danke".

Na mawakala ndio wanaotupandisha. Kuna mmoja Dar alimtoza rafiki yangu milioni mbili "kushughulikia maombi". Maombi ya vyuo vingi yanapitia ofisi moja inayoitwa uni-assist, ada yake ni yuro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata, unajaza mwenyewe ukiwa umelala kitandani. Alipomuuliza habari za lugha, wakala akamwambia utajifunzia huko huko. Utajifunzia saa ngapi? Mchana uko darasani, usiku uko ghalani, na Jumapili, ambapo maduka yote yamefungwa na mji mzima umenyamaza, unalala kama gunia. Mimi ilinichukua mwaka na nusu kufika B1, na shahada ya mihula minne nikaimaliza kwa mitano.

Kwa hiyo wanaoniuliza nawaambia hivi, na najua wengine mtakasirika. Kaa nyumbani mwaka mmoja zaidi. Soma Kijerumani mpaka B1 ukiwa unakula ugali wa mama yako, ambako kosa la sarufi halikugharimu kibali. Katika mwaka huo mtu anayekukopesha naye apate nafasi ya kwenda kufuata mzigo wake. Ukishindwa kuvumilia mwaka mmoja wa der, die, das huko Dar, sioni utakavyovumilia huku.

Deni nilimaliza Oktoba 2025. Nilimtumia baba mdogo risiti ya mwisho, akajibu kwa dole gumba. Baada ya wiki akapiga: binti yake, yule wa mwisho, naye anataka Ujerumani. Hakuniuliza kama chuo ni bure. Aliuliza kozi ya lugha ni shilingi ngapi na inaanza lini.

Binti yuko A2 sasa. Jana kanitumia ujumbe wa sauti analalamika, kwa nini meza iwe ya kiume na kijiko kiwe cha kiume halafu uma uwe wa kike, nani aliamua? Lugha gani ina mambo matatu ya kukariri kwa kila neno? Nikamwambia akamuulize mwalimu wake wa Kiswahili ngeli ziko ngapi, halafu anipigie tena.